Yule Mama wa Ghorofani

Mama yangu hakupatana na yule mama wa ghorofani tangu siku alipopanda lifti. Mimi nilimpenda. Nilimpa alama tisa kati ya kumi, na asiyenijua anaweza kudhani hilo ni jambo dogo, lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na alama zangu sizigawi ovyo.

Nina daftari. Tangu tuliponunua televisheni hapa Buhembe nimekuwa nikiandika humo tamthilia zote ninazozifuatilia, wahusika wake, makosa yao na alama zao, kwa kalamu nyekundu. Mume wangu huliita daftari la mahakama. Mhusika anayezimia akisikia habari mbaya namkata alama mbili papo hapo. Nimekaa kwenye misiba mingi ya Bukoba na Muleba, nimesikia wosia ukisomwa mbele ya watu waliokwisha kuligawana shamba kichwani, na sijaona hata mmoja aliyezimia. Watu husogeza viti karibu ili wasikose neno. Mhusika anayejisemea siri yake kwa sauti chumbani huku adui kasimama nyuma ya mlango, namkata tatu. Na nyumba ambayo kila mlango wake una mtu anayesikiliza, huwa najiuliza kazi za nyumba hiyo anazifanya nani.

Kwa miaka mingi nilihukumu peke yangu. Mume wangu ni mtu wa taarifa ya habari na mpira. Walimu wenzangu hutazama, lakini wao kazi yao ni kulia tu. Ukiwauliza kwa nini msichana amrudie mwanamume aliyemwacha kanisani na shela kichwani, wanakujibu, "Mapenzi, mwalimu," kana kwamba hilo ni jibu.

Kisha mwezi wa tatu, mvua zilipokolea, mama aliteleza kwenye kibanja chake kule Kamachumu akavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Kibanja, kwa asiyetoka kwetu, ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na kwa kawaida wenye nyumba huzikwa humo humo. Baba yetu yuko pale, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mama aliletwa Bukoba akafungwa plasta, akaja kukaa kwangu. Plasta ilipotolewa, kaka yangu aliyeko Mwanza akasema mama asirudi tena. Amelima miaka hamsini, alisema, sasa apumzike kwa watoto wake. Nyumba ifungwe, kibanja tutafute mtu wa kukiangalia.

Tulikubaliana kuamua mwishoni mwa mwezi wa sita, kwa simu, sisi wawili. Lakini kwa kweli neno la mwisho lilikuwa langu, maana mama alikuwa kwangu. Nikisema abaki, anabaki. Nikisema arudi, kaka angepiga kelele kidogo kisha angenyamaza. Mama mwenyewe tulipomuuliza alijibu, "Mtakavyoona, wanangu," nasi tukalipokea hilo kama ridhaa.

Mimi nilitaka abaki. Sababu nzuri nilikuwa nazo nyingi: hospitali iko karibu, maji yanaingia mpaka jikoni, hakuna matope ya kumwangusha. Sababu yenyewe hasa sikumwambia mtu. Ni kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kupata mtu wa kutazama naye tamthilia kama mama yangu, na nilikuwa na furaha ambayo sikutaka iishe.

Tulikaa saa kumi na moja jioni, nikitoka shule. Mama alikuwa na kamwani yake ndani ya kifuko cha majani ya mgomba, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni huwekewa kiganjani atafune kabla hajaulizwa shida yake. Alama zangu hakuzijali. Yeye alikuwa na swali moja kwa kila mhusika: huyu akija kwangu, nitampa kamwani?

Tamthilia ilikuwa ya nchi za nje, imetiwa sauti za Kiswahili, midomo ikimaliza kusema kabla ya maneno kufika. Kulikuwa na bwana mmoja wa miwani ambaye mtunzi alitaka tumchukie sote. Kila akiingia, ngoma zinapigwa. Mama akampa kamwani.

"Mama, huyu ni mwizi," nikamwambia. "Ameiba kiwanda kizima."

"Ni mwizi, ndiyo. Lakini huwasalimia wapishi. Wewe huyo binti wako anayelia umewahi kumwona akimsalimia mtu?"

Nilifungua daftari nikarudi nyuma sehemu kumi na mbili. Ilikuwa kweli. Yule binti, niliyekuwa nimempa nane kwa subira, hakuwahi kumwamkia mtu yeyote aliyeshika ufagio. Nikamshusha mpaka tano.

Siku nyingine tamthilia iliongeza mapacha waliopotea, halafu daktari mwenye siri, halafu shangazi kutoka ng'ambo. Mama akasema mtunzi huyu hajui kupunguza. Akanieleza jambo ambalo nilikuwa nikiliona tangu utotoni bila kulitia akilini: shina moja la mgomba unaliachia watatu tu, mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yote unayakata yakiwa madogo, hata kama ni mazuri, la sivyo hutapata mkungu bali kichaka. "Sasa huyu ameacha yote," alisema. "Ndiyo maana kila mtu humu ni mwembamba." Tangu siku hiyo tamthilia yenye watu wengi kupita kiasi ninaiandikia pembeni neno moja tu: *kichaka*.

Raha kubwa kuliko zote ilikuwa umeme ukikatika. Zamani ningesonya na kwenda kupika. Sasa nilikaa palepale, nikasema, "Haya mama, malizia," naye akamalizia. Alimaliza sehemu nzima kwa Kihaya, akiwapa wahusika akili walizonyimwa. Msichana wa shela alimfungulia mlango yule mwanamume, akampa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha njia. Nikitazama marudio Jumamosi niligundua kwamba mtunzi alikuwa amemrudisha kwa mwanamume huyo wakilia wote wawili kwenye mvua. Nilimpa mama kumi, mtunzi nne.

Hata mume wangu alianza kuchelewa kuwasha mpira ili asikie. Alisikilizia koridoni, kwa sababu akiingia sebuleni mama alijitanda khanga mabegani na kushuka kutoka kwenye kochi mpaka mkekani, tumsihi tusimsihi. Kwetu mama kukaa kwa mkwe wake ni jambo la siku chache, na yeye alikuwa amemaliza miezi. Hakuwahi kulalamikia chakula, wala kitanda, wala mbwa wa jirani anayebweka tangu alfajiri. Kila jambo alisema zuri. Mimi nikaona amezoea.

Basi katika kichaka hicho chote ndipo alipotokea yule mama wa ghorofani. Alikuwa mjane, ana shamba la mizabibu milimani, na watoto wake waliofanikiwa wakaja na gari jeusi wakamchukua mpaka mjini, ghorofa ya tisa. Sehemu ya kwanza alilia. Sehemu ya pili akaonyeshwa bafu. Kufikia ya tano alikuwa anacheza karata na wanawake wenzake kibarazani, juu ya mji, akiwashukuru wanawe. Niliandika: *mtunzi ameonyesha kwa ustadi jinsi mzee anavyoweza kuanza maisha mapya. Tisa.*

"Huyu simpi," mama alisema.

"Kwa nini? Amekosa nini?"

"Yeye hajakosa. Huyu aliyemtunga ndiye nisiyempa."

"Lakini mama, ana raha. Angalia. Hata kikombe haoshi."

"Ndicho ninachosema. Wamempa kila kitu, kazi wamemnyima."

Nilipenda ubishi ule, nikauchochea. Nilimwambia kwamba mhusika lazima abadilike, ndiyo kanuni ya hadithi. Mama akauliza hiyo mizabibu anaipalilia nani. Nikamjibu kuwa hilo si sehemu ya msuko. Akauliza kama wale watoto walimuuliza mama yao kabla ya kuleta gari. Nikasema walimuuliza, tulimwona akiitikia kwa kichwa. "Kwa kichwa," mama akasema, akatoa punje ya kamwani, akaitafuna peke yake. Siku iliyofuata akauliza mume wake, marehemu, nani anamwangalia. Nikacheka. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: *maoni ya mama, hayahusiani na msuko.*

Mpaka leo nikifungua ukurasa huo naona aibu.

Mwezi wa sita ulipoanza, shule zikafungwa. Nilitaka kumfurahisha mama. Nilitaka pia, nikiri, kumwonyesha kwamba kibanja chake kitatunzwa vizuri bila yeye, ili akibaki abaki na moyo mweupe. Nikaenda Kamachumu Jumamosi moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba, nikatafuta vibarua wawili wenye reki na mapanga.

Mtu akiwa mwalimu kwa miaka ishirini na minane, macho yake yanaharibika kwa namna fulani. Kila asubuhi nasimama mbele ya wanafunzi na kukagua uwanja: hakuna jani, hakuna karatasi, udongo una mistari ya fagio. Huo ndio usafi ninaoujua. Nilisoma shule za bweni tangu kidato cha kwanza, kisha chuo cha ualimu, kote tukifagia. Nilipoingia kwenye kibanja cha mama nikaona majani makavu yametapakaa kila mahali, vipande vya migomba iliyokatwa vinaoza, nyasi zimelala hadi magotini kuzunguka kaburi la baba. Nikaona uchafu. Nikasema, "Tunaanzia pale kaburini."

Tulikwangua kutwa nzima. Tulitoa majani yote, nyasi zote, vipande vyote, tukavirundika nyuma ya nyumba tukavichoma moto. Mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye kibanja chake kinapakana na cha mama, alikuja akasimama mpakani. Aliutazama moshi muda mrefu. "Haya, mwalimu," akasema, akarudi kwake. Nilidhani amenisifu. Jioni ardhi ilikuwa nyekundu, tupu, ina mistari ya reki kila upande, na migomba imesimama juu yake kama wanafunzi kwenye paredi. Nikapiga picha saba kwa simu.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, nilimpa mama simu sebuleni. Nilikuwa nimekaa karibu yake nikisubiri afurahi.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Ni kwako, mama. Angalia, hilo ni kaburi la baba."

Akaishika simu kwa mikono miwili. Akazipitia picha zote saba, kisha akarudi ya kwanza.

"Majani yangu yako wapi?"

"Tumeyachoma yote. Hata mizizi sasa inaonekana."

"Ninaiona," alisema. Halafu akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo mtoto alipaswa kulijua, "Baba yenu mmemvua blanketi, mwanangu. Na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikumbuka mama na baba wakibeba nyasi kichwani kutoka bondeni, mafungu kwa mafungu, wakiyatandaza chini ya migomba kabla ya jua kali. Nilikumbuka kuwa sisi watoto tulichapwa kwa kuyachezea. Majani yale ndiyo yanayoshika unyevu, ndiyo yanayokuwa udongo. Mama alikuwa ameyaweka tabaka juu ya tabaka kwa miaka hamsini, na mimi, binti yake, msomi, nimeyafagia kwa siku moja ili yapendeze kwenye picha.

Mama hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alinirudishia simu, akasema, "Ahsante kwa kazi," kama unavyomwambia mgeni, akaenda chumbani. Jumatatu saa kumi na moja tamthilia ilipoanza hakutoka. Mume wangu alisimama koridoni, akanitazama, nami nikajifanya naandika.

Jumanne alitoka. Alikaa kwenye kochi, kifuko cha kamwani mapajani, bila kukifungua. Kwenye skrini yule mama wa ghorofani alikuwa amenunua ua moja kwenye kopo, akalimwagilia kibarazani, akalipangusa jani kwa kidole. Muziki ukapanda. Halafu umeme ukakatika.

Nikafurahi kwa kweli, maana niliona ndiyo nafasi ya kupatana. "Haya mama," nikasema. "Malizia."

Akakigeuza kifuko mapajani.

"Mama, malizia. Analimwagilia ua lake, halafu?"

"Huyu siwezi kummalizia," alisema. Akatupa jicho koridoni, alikokuwa mkwe wake, akashusha sauti. "Nikimmalizia nitakuwa nimesema watu. Na nyumba si yangu."

Sebule ilikuwa na mwanga wa jioni unaotosha kuona uso wake, nami nikauona. Nikaanza kuyarudia maneno yake yote ya wiki zile, moja baada ya jingine, jinsi ninavyopitia insha ambayo niliisahihisha haraka. Nani anaipalilia. Je, walimuuliza. Wamemnyima kazi. Mume wake nani anamwangalia. Alikuwa ananiambia kila siku, mbele ya macho yangu, kwa njia pekee ambayo mama mwenye heshima anaweza kusema akiwa kwa mkwe wake bila kuikosea adabu nyumba inayomlisha. Nami nilikuwa namjibu kwa kanuni za hadithi. Nilimkata alama mama yangu kwa sababu anataka kwenda nyumbani.

Nililia. Sikuzimia, lakini nililia sana, na mama akanipapasa mgongoni akidhani nalilia yale majani. "Yataota mengine," alisema. "Basi, waitu, mwanangu, basi."

Sikungoja usiku upite; nilimpigia mama mdogo, kisha kaka, palepale kabla umeme haujarudi, nimesimama uani.

"Mama anarudi Kamachumu," nikamwambia.

"Tumekubaliana mwisho wa mwezi. Na wewe ndiye uliyesema ana raha."

"Nilisema. Nimejisahihisha."

"Akianguka tena?"

"Anaweza kuanguka hata hapa, bafuni kuna marumaru. Mama mdogo atahamia kulala kwake. Nimemuuliza sasa hivi, amesema alikuwa anasubiri tu tumuulize. Na mimi nitakwenda Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Jumamosi zote nitakazoweza."

Akapiga kelele kidogo, nilivyotarajia. Akasema watu watamcheka, mwana yuko Mwanza na mama yake analima. Nikamwambia watu wa Kamachumu wana mengi ya kucheka, na wamekwisha kuanza na mimi, mwalimu aliyefagia kibanja. Hapo nikamsikia akicheka, maana yeye pia alikuwa amepata habari. "Ulikifagia kweli?" akauliza. "Mpaka kaburini?" Tukacheka wote, mimi na machozi yangu. Mwishowe akasema, "Basi mwache arudi."

Nilipomwambia mama hakushangilia. Aliuliza kama nyasi za bondeni, karibu na kanisa, zimekwisha kukatwa na watu. Kisha akaingia chumbani, na muda mfupi baadaye nikamkuta amekwisha kukunja khanga zake zote, mfuko uko mlangoni, siku tano kabla ya safari. Siku ya kuondoka alimwita mume wangu, akamshukuru kwa maneno marefu ya adabu, akamwekea kamwani kiganjani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi mbele yake bila kushuka mkekani. Alikuwa mtu anayekwenda kwake.

Ile wiki tuliyomfikisha nilibaki naye. Tulibeba nyasi. Shingo iliniuma siku nne, na wanafunzi wangu wa zamani waliopita njiani walisimama kumtazama mwalimu wao na fungu kichwani. Kwa mkono ule mmoja mzuri na ule mwingine unaopona mama alitandaza kuzunguka kaburi kwanza, akipigapiga kwa kiganja, akimwambia baba maneno ambayo sikuyasikiliza.

Kisha nikarudi Buhembe, kwenye kochi langu na daftari langu. Nakiri nilikuwa mpweke. Umeme ulikatika na hakuna aliyemalizia. Mume wangu alijaribu mara moja, akawaua wahusika wote kwa ajali ya gari ili tutazame mpira.

Tamthilia iliisha mwezi wa nane. Yule mama wa ghorofani alifariki kwenye sehemu ya mwisho, ameketi kwenye kiti chake kibarazani, mji unawaka taa nyuma yake, wanawe wamepiga magoti, ua kwenye kopo limechanua. Zamani ningempa mtunzi kumi. Nilimpa tatu, nikampigia mama simu.

Nilimsikia anakata kitu, panga linaingia kwenye mgomba mbichi, sauti ile ya maji. "Imeisha?" aliuliza.

Nilifikiri kumdanganya. Ilikuwa rahisi: ningesema tu amerudi milimani. Lakini tulikuwa tumeshampangia mama mambo ya kutosha bila kumwambia ukweli, basi nikamweleza yote, kiti, taa, ua na magoti.

Panga likanyamaza.

"Hapana," mama alisema. "Umeme ulikukatikia, wewe. Hukuona vizuri."

"Mama, nimeona mpaka majina ya—"

"Hukuona. Sikiliza. Alishuka kwa miguu yake, hiyo lifti hakuipanda. Akafika kwake akakuta wameifagia mizabibu, imebaki mizizi tupu. Hakusema kitu. Akaenda bondeni akakata nyasi. Sasa hivi ninavyosema na wewe, mizabibu imeshika, ina majani mapana haya."

Nilikuwa nimekwisha kufungua daftari, kalamu mkononi. "Na binti yake?" nikauliza. "Yule aliyemleta mjini?"

Nikasikia anatafuna.

"Yule naye mwanzo alisumbua," akasema. "Alikuwa msomi. Lakini Jumamosi alikuja na panga lake, akafundishwa upya, mama, mtoto na mjukuu. Akakosea, akarudia. Jioni akapewa kamwani."

Jumamosi nilikwenda.